Tunaenda kwa nani? Historia ya mapumziko katika milima ya Kabare

Hapa kwetu Mudaka kuna ulizo moja ambalo msafiri analijibu hata kabla hajafika barabarani. Mama jirani anamwona amevaa nguo safi, ameshika bidoni na kikapo, anamwuliza: « Unaenda kwa nani? » Hamwulizi kwanza anaenda wapi. Jina la mlima au la kijiji linakuja nyuma, kama nyongeza. Ukimjibu « ninaenda Katana », atangoja. Anajua bado hujajibu. Ukisema « ninaenda kwa shangazi, kule Katana », hapo atakuachilia na kukutakia safari njema.

Katika kurasa hizi tunapenda kuongea juu ya desturi ya kutembea katika Bushi, na namna ilivyokutana na desturi ingine iliyotoka mbali: ile ya kupanda mlimani kwa kupumzika tu, bila kwenda kwa mtu. Vijana wetu wanadhani mambo haya mawili ni kitu kimoja. Wanapiga picha kwenye majani mazuri ya Lwiro, wanasema « tulikuwa vakansi ». Hatuwalaumu. Lakini kati ya kutembea kwa mtu na kutembea mahali kuna historia nzima ya udongo wetu, na tunaona vizuri iandikwe.

Tuanze na desturi yenyewe. Mushi hakutembea mikono mitupu. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, mvua ikiwa imekatika na maharagwe yakiwa yamevunwa, familia zilianza kutembeleana. Kulibebwa kasiksi, kulibebwa maharagwe, wakati mwingine kuku aliyefungwa miguu. Mwenye nyumba alipokea na yeye alitafuta cha kurudishia, maana kikapo hakirudi kitupu. Safari moja ilizaa ingine. Mtu aliyepanda kutoka kando ya ziwa kwenda upande wa msitu alikuta baridi kali, ndiyo, lakini hakupanda kwa sababu ya baridi. Alipanda kwa sababu dada yake aliolewa huko, ao kwa sababu ng'ombe wake alikuwa amewekwa kwa rafiki mwenye majani ya kutosha. Baridi ilikuwa hali ya mahali tu. Ulikaa karibu na moto, basi.

Ni wazungu waliogeuza baridi kuwa mali.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Waingereza wa India walizoea kukimbia joto la mabonde, na toka mwaka 1864 serikali yao ilihamia kila kiangazi katika mji wa Simla, juu ya milima. Wajerumani wa Tanganyika walijenga Wilhelmstal katika milima ya Usambara, mji ambao leo unaitwa Lushoto. Sababu yao kubwa ilikuwa afya. Leo tunajua vizuri namna jambo linavyotendeka: mahali ambapo hewa iko chini ya nyuzi 18 hivi, kijidudu cha malaria iliyo kali hakikomai ndani ya mbu. Na kila ukipanda mita 1000, joto linapunguka karibu nyuzi 6. Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye mita 1460 na kitu, na hata mamba hayumo. Mlima Kahuzi unafika mita 3308. Katikati ya ziwa na Kahuzi ndipo tunapokaa sisi, na ndipo Wabelgiji waliona « Uswisi ya Afrika ».

Mji wa Bukavu ulipewa jina la Costermansville mwaka 1927, kwa ukumbusho wa mkubwa mmoja wa serikali ya koloni. Mwaka uliofuata, 1928, kulianzishwa Comité National du Kivu, iliyopewa kazi ya kugawa udongo kwa wakoloni walioitwa kuja kulima kahawa, chai na kinkina. Vita ya 1940 iliongeza mwendo kwa njia mbili. Ya kwanza: Ubelgiji ilishikwa na Wajerumani, na wazungu wa Kongo hawakuweza tena kurudi kwao kupumzika, walihitaji Ulaya ndogo ndani ya Afrika. Ya pili: mwaka 1942 Wajapani walitwaa kisiwa cha Java, kilichotoa sehemu kubwa ya kwinini ya dunia. Toka hapo miti ya kinkina ya milima yetu ikawa na bei. Tshibinda na Mulungu zikajulikana mbali kuliko Mudaka yetu. Halafu, mwaka 1947, kulianzishwa IRSAC, chuo cha utafiti wa sayansi katika Afrika ya kati, na makao yake makubwa yakajengwa Lwiro: nyumba kama kasri, maktaba, majani yaliyokatwa vizuri, nyumba za wageni, barabara zenye miti pande mbili. Wenye sayansi walifanya kazi kubwa pale, hatukatai hata kidogo. Lakini palikuwa pia mahali pa kupumulia.

Na udongo ule, kabla ya hapo, ulikuwa wa nani?

Hapa tunaomba msomaji atuvumilie, maana bila jambo hili hataelewa lingine. Katika Bushi udongo ulitolewa kwa njia ya kalinzi. Mtu alipeleka ng'ombe, ao mbuzi kadiri ya uwezo na ukubwa wa shamba, kwa mwami ao kwa mkubwa wa kilima aliyesimama kwa jina la mwami. Akapewa shamba, akajenga, akapanda ndizi, watoto wake wakarithi. Kulikuwa pia bwasa, iliyo kama kukodi: unalima kwa msimu, unatoa pombe ao siku za kazi, lakini huna ruhusa ya kupanda ndizi, kwa kuwa ndizi inakaa miaka na miaka na ingekufanya mwenyeji. Ndiyo sababu muzee akipita mahali asipopajua hutazama kwanza ndizi. Penye ndizi pana mtu, na mtu huyo ana jina.

Serikali ya Leopold ilitoa amri tarehe 1 Julai 1885 kwamba udongo usio na watu ni wa serikali. Karani mwenye kutazama karatasi aliona majani matupu. Hakuona kwamba majani yale yalikuwa malisho ya ng'ombe wa fulani, na kwamba shamba lililolala lilikuwa linapumzika, kama sisi tunavyopumzika. Tunapowafundisha wanafunzi amri hii ya 1885 huwa tunasimama sana kwenye neno hilo: « isiyo na watu ». Darasa linacheka. Wanajua milima yetu imejaa watu namna gani.

Sasa tuseme safari yenyewe. Ilikuwa vakansi kubwa ya 2014. Tulikuwa familia ya watu tisa: sisi, mama wa nyumbani, watoto, shemeji mmoja, na muzee wetu, baba mzazi, aliyezaliwa kabla ya vita ya 1940. Tulitaka watoto waone Lwiro, na baba apumue hewa nzuri kwa sababu kifua kilimsumbua. Mama wa nyumbani alipika asubuhi: bugali, sombe, sambaza za kukaanga, chai ndani ya termosi. Tulikodi taksi-bisi nzima, jambo ambalo mwalimu hafanyi kila mwaka.

Baba alipanda gari, akakaa, akauliza: « Tunaenda kwa nani? »

Tulimwambia tunaenda Lwiro. Akasema: « Hiyo nimesikia. Ninauliza tunaenda kwa nani. » Watoto walicheka. Shemeji akamwambia: « Papa, tunaenda kupumuzika tu. » Akanyamaza, akafunga koti lake.

Mtu anayetoka Mudaka kwenda upande ule anasoma historia dirishani. Unafika Miti, barabara inagawanyika: mkono wa kushoto inapanda Tshivanga, kwenye mlango wa parke ya Kahuzi-Biega, inaendelea Bunyakiri na Walikale, ile ya mbele inaenda Kavumu kwenye uwanja wa ndege, halafu Katana. Upande ule pia palikuwa na kambi za wakimbizi wa Rwanda, Kashusha na INERA, toka 1994 mpaka mwishoni mwa 1996, wakati vita ilipozitawanya. Watoto wetu hawakuwa wamezaliwa. Tuliwaonyesha mahali, tukawaambia hema zilifika mpaka wapi na miti ilikatwa mpaka wapi. Mdogo akauliza kama na wao wale watu walikuja kwa ajili ya hewa nzuri. Hakuna mtu mzima aliyejibu haraka.

Lwiro inapendeza, lazima tuseme ukweli. Tulifika saa nne, baridi bado iko kwenye majani, watoto wakakimbia mpaka wakachoka. Tulitazama kasri kwa nje na maua yake. Sasa chuo kile kinaitwa Centre de Recherche en Sciences Naturelles, na toka 2002 kuna pia mahali pa kutunza sokwe na nyani walioponyoka mikononi mwa wawindaji; watoto walitaka kubaki pale siku nzima. Mama wa nyumbani akatandika kitenge kwenye majani, akaita watu wale.

Baba hakukaa. Alisimama pembeni, fimbo mkononi, kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Tulimwita mara mbili. Mwishowe akasema, na tunaandika maneno yake kama alivyoyasema: « Siye hatukukuyaka huku kupumuzika. Tulikuwa tunakuya kupumuzisha bengine. »

Ndipo alipotusimulia mambo ambayo hakuwahi kutusimulia nyumbani. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na miwili hivi alipelekwa na mkubwa wake kazini kwenye kinkina. Watu wazima walikata miti. Wanawake na watoto waliketi kwa mstari, wakapiga matawi kwa rungu za mti mpaka ganda liachane, halafu ganda likaanikwa. Mkono unakuwa wa manjano, na ukisahau ukajilamba kidole uchungu unakaa mdomoni mpaka jioni. Siku ya posho alipita mbele ya nyumba za wageni akibeba kuni za kuwashia moto wa wazungu waliokuja kutafuta baridi. Jambo hilo lilimshangaza utoto wake wote: watu wanatoka mbali kufuata baridi, wakiipata wanaomba kuni. Alicheka aliposema hivyo, na sisi tukacheka naye, na hapo akakubali kikombe cha chai. Lakini alikinywa akiwa amesimama.

Kulikuwa na jambo lingine. Chini kidogo ya kasri kuna hospitali ya watoto ambamo madaktari wa Ubelgiji walichunguza ugonjwa wa kwashiorkor wa watoto wa Bushi: tumbo limevimba, nywele zimegeuka rangi, miguu imejaa maji. Masomo yao yalijulikana duniani, na waliponya wengi. Waliandika kwamba chakula cha Washi kilikuwa na upungufu wa vitu vya kujenga mwili, na walisema kweli. Sisi kama mwalimu wa historia tunaongeza mstari mmoja tu: watu waliopungukiwa malisho wanapungukiwa ng'ombe, na waliopungukiwa ng'ombe wanapungukiwa maziwa. Malisho yalikwenda wapi, tumekwisha kusema.

Saa nane hivi mvua ndogo isiyo ya msimu ilianguka. Baba akakumbuka kwamba binti wa ndugu yake aliolewa na mfanyakazi mmoja wa palepale, akaonyesha njia kwa fimbo. Tulishuka watu tisa, tumelowa, na masahani yetu. Mama yule alitupokea kama aliyekuwa akitungoja toka asubuhi. Moto uliwashwa, kasiksi ikatoka. Baba alikaa sasa, tena mbele, akaanza kuuliza habari za watu mmoja mmoja. Kifua hakikumsumbua hata kidogo, ao alisahau. Mama wa nyumbani alimwachia mwenyeji sambaza zote zilizobaki, na tuliporudi kikapo chetu kilikuwa na viazi.

Watoto wetu, ukiwauliza hata leo juu ya safari ya Lwiro, wanaongea kwanza juu ya nyumba ile na moto ule. Kasri linakuja nyuma. Sisi hatukuwafundisha hivyo.

Turudi kwenye udongo, maana historia haikusimama mwaka 1960. Wakoloni walipoanza kuondoka watu wengi walidhani mashamba yatarudi kwa wenye kalinzi. Haikuwa hivyo. Sheria Bakajika ya Juni 1966 ilirudisha udongo mikononi mwa serikali ya Kongo, si mikononi mwa fulani wa kilima fulani. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikakaza: udongo wote ni wa serikali, raia ana haki ya kuutumia tu. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka uleule ikaja zairianisation, na mashamba makubwa ya wageni yakagawiwa watu wakubwa. Kalinzi ikabaki katikati, si hai si maiti. Watu waliendelea kuitumia, lakini mbele ya mwenye karatasi haikuwa na nguvu. Kwa mtu aliyemzika babu yake chini ya ndizi zake, kubadilika kwa bendera hakukumrudishia hata mita moja.

Upande wa msituni mambo yalikuwa mazito zaidi. Parke ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 kwa juhudi ya Mbelgiji Adrien Deschryver, ikiwa na kilometa mraba 600. Mwaka 1975 ikapanuliwa mpaka 6000, na mwaka 1980 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia. Watalii walipita hapa Mudaka wakienda Tshivanga kuona gorila, na watoto wa rika letu tuliwapungia mikono. Gorila wale ni mali kubwa kweli. Vita iliwaua wengi: katika sehemu ya juu walihesabiwa 245 mwaka 1996, na mwaka 2000 walibaki 130. Lakini Batwa walioishi katika msitu ule waliondolewa, maelfu ya watu, bila kulipwa kitu. Wao hawakuwa hata na kalinzi ya kuonyesha. Msitu ulikuwa nyumba, na nani anaomba hati ya nyumba ambamo mababu wote walizaliwa? Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba haki zao zilivunjwa. Miaka zaidi ya arobaini ilipita kati ya kosa na karatasi hiyo.

Leo si wakati wa vakansi. Februari 2025 vita ilifika Kavumu na Bukavu, na barabara ile tuliyoisimulia ilibeba magodoro na watoto mgongoni. Hata hivyo, wakati ule watu walipokimbia walifuata ulizo lilelile la zamani. Hatukusikia mtu akisema anakimbilia mlima fulani. Kila mmoja alikuwa anakimbilia kwa mtu.

Tuseme bado kitu kimoja, juu ya kazi yetu ya darasani. Baada ya safari ile ya 2014, mwaka wa shule ulipoanza, tuliwapa wanafunzi wakubwa zoezi: kila mmoja achague mahali panapojulikana kati ya Mudaka na msitu, shamba la chai, kituo, masomo, parokia, lolote, halafu awaulize wazee wa nyumbani palikuwa kwa nani kabla. Tuliwapa majuma mawili. Tulipokea karatasi arobaini na moja. Zaidi ya nusu walijibu « kwa wazungu » ao « kwa serikali ». Wengine waliandika jina la kampuni. Kumi na moja tu walileta jina la mtu, na kati yao wanne waliandika pia ni ng'ombe gani alitolewa, rangi yake na kama alikuwa na ndama. Karatasi hizo nne tulizisoma kwa sauti darasani, na siku ile hakuna aliyeangalia saa.

Juma lililofuata mzazi mmoja alikuja masomoni, amevaa koti, ameshika kofia mkononi. Alitusalimu vizuri, akauliza habari za nyumbani. Halafu akasema mtoto wake aliandika jina la babu kwenye karatasi yetu, na jina la kilima, na ng'ombe. Yote ni kweli, alisema, hakuna uongo ndani. Lakini kilima kile kina kesi kwenye tribinali, na mwenye karatasi ni mtu mkubwa. « Mwalimu, ile jina isibakiye huku. »

Tulifungua kabati, tukatafuta, tukamrudishia. Aliikunja mara nne, akaiweka ndani ya kofia, akavaa kofia.